Sura ya Yaya Honorine Kwenye Filamu

Gauthier Kapya ni fundi wa frigo, yaani majokofu, pale Kamalondo, Lubumbashi, na tangu zamani ni mtu wa wasiwasi. Mteja akichelewa kuja kuchukua frigo yake, Gauthier huanza kufikiri kwamba mteja huyo amekufa, au kwamba frigo iliibwa mahali fulani na polisi wako njiani kuitafuta. Mvua ikinyesha usiku, huamka kugusa kuta. Mkewe, Brigitte, alishazoea. Huwaambia majirani kwamba mume wake hulala jicho moja likiwa wazi, na la pili likilichunga lile la kwanza.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamtuliza, nacho ni kamera za zamani, zile za kutia filamu. Ya kwanza aliipata Kambove, alipoitwa kutengeneza frigo ya mwenye duka. Mama wa nyumba ile alikuwa anatupa vitu vya baba mkwe wake, mzee aliyefanya kazi mgodini miaka yote, na katika sanduku Gauthier akaona Agfa ndani ya mfuko wa ngozi ulionuka tumbaku. Aliomba. Akauziwa kwa bei ya kuku. Tangu siku ile, kila alikokwenda kutengeneza frigo aliuliza kama hakuna kamera ya mzee iliyolala chini ya kitanda. Watu walimcheka, lakini walimpa. Alipata Zenit nzito kama tofali, Kodak za plastiki, na moja ya kisanduku ambayo unaichungulia kutoka juu, kama mtu anayetazama ndani ya kisima. Walioziuza walikuwa watoto na wajukuu wa watu wa reli na wa migodi, na hakuna aliyeomba bei kubwa, kwa sababu wao waliona takataka tu.

Jioni, baada ya kazi, Gauthier alishusha moja kutoka kwenye etajeri ya ukutani, akaifuta, akafungua mgongo wake, akaufunga, akavuta, akabonyeza. Sauti ile ndogo, ya kitu kinachofunguka na kufungika mara moja, ilimteremsha roho.

Hakuwahi kutia filamu hata katika moja. Aliyeuliza alijibiwa kwamba siku hizi Lubumbashi filamu haziuzwi tena, na kwamba studio zilizokuwa zinasafisha picha zamani sasa zinauza unite za kupigia telefone. Hiyo ilikuwa kweli, lakini nusu tu. Nusu nyingine hakumwambia mtu. Kamera tupu haiwezi kukosea. Ukiibonyeza mara mia, mara mia zote ni nzuri.

Basi, katika mwezi wa kwanza wa mvua, dada yake alikuja kwenye karakana.

Dada huyo, Honorine, anaitwa Yaya kwa sababu ndiye mkubwa wao. Mama yao alipofariki, Gauthier alikuwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni, na Honorine aliacha masomo akamlea, akiuza vikwembe, yaani vitenge, sokoni huku mtoto amelala chini ya meza. Gauthier hana kumbukumbu ya sura ya mama yao. Sura anayoikumbuka tangu utoto ni ya Honorine.

Na sura hiyo ilikuwa imeharibika. Ilianza kama jino kuuma upande wa kulia. Jino likang'olewa, uvimbe ukabaki. Ukakua polepole, bila maumivu makali, mpaka taya lote la upande ule likatokeza kama mtu aliyeficha embe ndani ya shavu. Honorine akaanza kufunga kitambaa kikubwa kichwani na kukiteremsha mpaka kidevuni. Kwenye arusi alisimama nyuma. Mara moja, kwenye matanga, binti yake Falonne alimpiga picha na telefone bila kufikiri vibaya, akaiweka katika grupu ya familia. Kutoka Kalemie, kutoka Kinshasa, mpaka Ubelgiji, watu wakaanza kuuliza Yaya amekuwaje, nani amemfanyia nini, ameombewa wapi. Honorine alizima telefone yake, na kwa muda mrefu hakuiwasha.

Sasa madaktari walikuwa wamempa siku ya operesheni. Walimwambia bila kumficha: uvimbe si wa kuua, lakini watatoa kipande cha mfupa wa taya, na sura haitarudi ilivyokuwa.

Hayo yote aliyaeleza akiwa amekaa juu ya frigo mbovu, karibu na mlango wa karakana. Kisha akasema, “Gauthier, unipige foto mbele ya siku ya operesheni.”

Gauthier akatoa telefone mfukoni. Dada yake akaifunika kwa mkono.

“Hapana na telefone. Telefone inapeleka sura ya muntu kwa bantu bote. Kamata moja ya ile makamera yako.”

Gauthier alijaribu kumweleza habari za filamu. Alimwambia pia kwamba kuna fundi anayeweza kuchukua picha yake ya arusi na kuikuza vizuri, ile ambayo shavu bado halijavimba. Honorine alimsikiliza mpaka mwisho.

“Ile sura ya busichana nilishaipoteza zamani,” akasema. “Na hii, kisha operesheni sitakuwa nayo tena. Iko yangu. Naitaka ku karatasi, tuijue weye na miye.”

Gauthier hakuweza kukataa. Lakini alipobaki peke yake, hakuna frigo iliyotengenezwa siku ile.

Mtu wa kumsaidia alikuwapo. Léa ni mpiga picha wa mjini, msichana wa kama miaka thelathini, mmoja wa wale wachache ambao bado wanaagiza filamu kutoka mbali na kuzisafisha wenyewe, kwa kupenda. Gauthier alimjua kwa sababu ya kazi. Alipokwenda kutengeneza frigo yake, alikuta filamu zimepangwa kando ya siagi. Léa alimpa filamu moja, nyeusi na nyeupe, ya picha thelathini na sita, akamwonyesha jinsi ya kuitia: ncha yake inapita hapa, inaingia katika ufa huu wa upande wa kulia, kisha unafunga. Akasema pia kwamba kama Gauthier anataka, yeye mwenyewe atakuja kumpiga picha mama yule, au atamuazima kamera ambayo anajua inafanya kazi. Gauthier alishukuru, akakataa. Dada yake alisema wao wawili tu. Na kamera ya mtu mwingine angeiogopa zaidi.

Alichagua Zenit. Aliibonyeza na kuisikiliza mpaka Brigitte akamwambia aende kulala. Jumamosi asubuhi aliitia filamu chini ya kivuli cha ukuta, ncha ikitoka na kuingia na kutoka tena. Mwishowe akaona imeshika, akafunga haraka kabla haijatoka.

Honorine alikuwa amesukwa nywele. Alivaa kikwembe cha bluu na blauzi mpya, na alikuwa ameweka kiti katikati ya ua wa parseli yake, mahali penye mwanga. Alipomwona mdogo wake anainua kamera, alifungua kitambaa, akakikunja na kukiweka magotini. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Gauthier kuuona uvimbe wote mchana kweupe. Ngozi yake ilikuwa imevutika, inang'aa. Alichungulia katika kamera ili dada yake asiyaone macho yake.

Alipiga. Akavuta, akapiga. Honorine alianza kwa kukaza shingo, kisha akazoea, akaanza hata kueleza habari za sokoni, za mwanamke mmoja aliyeuza kikwembe kimoja kwa wateja wawili. Alicheka. Gauthier alipiga alipocheka. Ilikuwa asubuhi nzuri, na kwa muda kidogo hakuogopa kitu chochote.

Kilichomshtua ni kwamba filamu haikwisha. Alihesabu thelathini na sita, na mkono wa kuvutia ukaendelea kuvuta kwa wepesi. Akapiga nyingine, na nyingine tena. Ilitakiwa ikaze, lakini haikukaza.

Kufika nyumbani, aligusa kile kirungu kidogo cha kushoto ambacho hurudisha filamu mahali pake. Kilizunguka kama kitu kisichoshika kitu. Gauthier anajua mashine. Alikaa juu ya kitanda, kamera magotini, akahisi kwamba filamu haikushika. Lakini hakuwa na hakika, na kwa kuthibitisha ilibidi kufungua, na akifungua, na kumbe filamu ilitembea, mwanga utaunguza picha zote. Alimweleza Brigitte. Brigitte akasema aende kwa Léa mara moja. Gauthier akasema leo ni Jumamosi, Léa huwa na kazi ya arusi. Kesho yake akasema ni Jumapili. Ukweli ni kwamba, mradi kamera imefungwa, picha bado zilikuwamo.

Jumapili mchana Honorine akapiga simu, akauliza kama foto zimetoka. Gauthier alisikia kinywa chake kikijibu kwamba ziko kwa kusafishwa. Dada yake akafurahi. Akasema Jumatatu anaingia hospitali, na Jumatano asubuhi watampasua.

Ule uongo ndio uliomtoa nyumbani. Jumatatu alikuwa mlangoni kwa Léa kabla hajanywa chai. Léa aliingiza Zenit katika mfuko mweusi usiopitisha mwanga, akaingiza na mikono yake, akawa anapapasa ndani huku akiangalia ukuta. Haikuchukua muda.

“Haikutembea,” akasema. “Ncha ilitoka. Filamu iko mupya, haina kitu.”

Gauthier aliomba kiti. Léa hakumlaumu. Alisema hata yeye yalimpata, na kwenye arusi ya mtu. Aliitia filamu ileile upya, akamfanya aangalie: ukivuta kwa kulia, kirungu cha kushoto lazima nacho kizunguke. Kisipozunguka, usiendelee, hakuna unachopiga. Kisha akamrudishia Zenit.

Siku ile hakwenda hospitali. Alijiambia kwamba wagonjwa wapya wanasumbuliwa na vipimo. Jumanne, baada ya saa nane, alisimama nje ya geti kwa muda mrefu, kamera ndani ya mfuko wa plastiki, akiangalia watu wanaingia na vyakula vyao. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa Ruashi. Kama mwanga utakwisha, hata akijitia moyo itakuwa bure. Ndilo lililomsukuma kuingia.

Uani alimkuta Falonne akipika uji juu ya mbabula ya makaa, kati ya wanawake wengine wanaochunga wagonjwa wao. Gauthier alimweleza yote. Falonne aliacha kukoroga.

“Muyomba, usimwambie,” akamwambia mjomba wake. “Tension yake ya damu inapanda. Daktari alisema ikibakia juu mpaka kesho, hawatamupasua. Na siku nyingine haijulikane ni lini.”

Hapo Gauthier alikosa pa kusimama. Akisema, damu ya dada yake itapanda, operesheni itaahirishwa, na yeye ndiye atakuwa sababu. Akinyamaza, kesho sura ile itaondoka, na Honorine atakapoamka ataomba picha ambazo hazipo. Falonne alimpa njia: aseme zile za kwanza zimetoka vizuri, ila anataka kuongeza moja. Njia hiyo ilikuwa rahisi. Gauthier aliipanga kichwani maneno kwa maneno alipokuwa anapita kwenye koridoo, mpaka akafika mlango wa sali ya wagonjwa.

Honorine alikuwa amelala ubavu, bila kitambaa, muuguzi akimfunga mkono kupima tension. Aliona mfuko wa plastiki, akaona umbo la kitu kilichomo. Alimwangalia mdogo wake usoni.

“Hazikutoka,” akasema.

Maneno aliyoyapanga yakapotea. “Filamu haikutembea, Yaya. Miye njo nilikosa kuitia muzuri.”

“Na ku telefone ulisema ziko kwa kusafishwa.”

“Nilidanganya. Niliogopa.”

Muuguzi alikuwa ameacha kubonyeza mpira wake, anawatazama. Gauthier alitazama mshale wa kipimo, ule mshale mdogo unaotetemeka, akausihi kimoyomoyo usipande. Nje radi ilinguruma mbali.

“Miye njo nitapasuliwa,” Honorine akasema mwishowe, “na weye njo unatetemeka.” Akageukia muuguzi, akamwomba amalizie, maana anataka kutoka.

Muuguzi alisema tension iko juu kidogo, si sana, atapima tena jioni. Alisema pia kwamba ndani ya sali ni marufuku kupiga picha, lakini ya uani yeye hayajui. Falonne alileta kikwembe, cha zamani, cha kulalia, kwa sababu kile cha bluu kilibaki nyumbani. Nywele zilikuwa zimeanza kulegea. Honorine hakuomba kioo.

Walisimama karibu na majani ambako watu walianika nguo. Upepo ulianza, na wenye nguo walikuwa wanakimbia kuzikusanya. Mwanga ulikuwa mdogo na wa kijivu. Gauthier alifungua lenzi yote kama Léa alivyomfundisha, akavuta, na kabla ya kuangalia dada yake aliangalia kirungu cha kushoto. Kilizunguka. Akapiga. Akavuta tena, kikazunguka tena. Safari hii Honorine hakueleza habari wala hakucheka. Alisimama mikono imelala kando, uso wote umegeukia kamera, upande mzima na upande uliovimba, akamtazama moja kwa moja. Gauthier alipiga mpaka matone ya kwanza yakaanguka juu ya Zenit. Akaificha ndani ya shati, akamshika dada yake mkono, wakarudi ndani.

Jioni ile Falonne alipiga simu kusema tension imeshuka.

Operesheni ilianza asubuhi, ikapita muda ambao madaktari walisema. Gauthier alikaa kwenye benchi, kamera tumboni. Brigitte alimwambia aipeleke kwa Léa, atapata kazi ya kufanya badala ya kujitafuna kucha. Hakukubali. Kila mlango ulipofunguka alisimama, na kila mara alikuwa mtu mwingine, wa ndoo, wa mashuka. Alifikiri mambo ambayo hakumwambia mtu. Alifikiri kwamba ikiwa Honorine hatatoka, filamu ile ataizika naye bila kuisafisha, kwa sababu hataweza kuyaona macho yale. Daktari alipotoka, akaja moja kwa moja kwao huku anavua kofia, Gauthier hakuelewa maneno ya kwanza. Falonne ndiye aliyemshika bega na kumrudilia maneno: mama yuko mzima, mfupa umetoka, sasa ni kungoja.

Kungoja kulikuwa na mambo yake. Uso ulivimba zaidi kuliko mwanzo, homa ikaja, ikaondoka, ikarudi. Honorine hakuweza kusema. Alilishwa kwa mrija. Gauthier alikuja kila siku na kila siku aliogopa kufunua shuka. Homa ilipokoma kabisa ndipo alipopeleka filamu.

Nyingi zilikuwa nyeusi mno kwa sababu ya mawingu ya siku ile. Mbili zilikuwa zimetikisika. Tatu zilitoka. Léa alizitoa kwenye karatasi kubwa, akazianika kwenye kamba bafuni, na wote wawili wakasimama kuzitazama. Mikunjo ya kikwembe ilionekana, nywele zilizolegea, ule mng'ao wa ngozi iliyovutika, na nyuma mwanamke anakimbia na shuka mikononi. Na katikati Honorine anaangalia.

Gauthier alizipeleka nyumbani kwa dada yake, Honorine aliporuhusiwa kutoka hospitali. Honorine aliona bahasha, akatikisa kichwa. Hakutaka. Gauthier akarudi nazo, na wasiwasi ukaanza upya kwa njia nyingine. Je, bado alikuwa amekasirika? Au alijuta? Miezi ilipita, taya likapona likiwa limeingia ndani, mdomo ukavutwa upande, maneno yakarudi polepole. Sokoni alirudi. Kitambaa alikifunga kama wanawake wengine, nyuma ya kichwa. Habari ya picha hakuigusa, na Gauthier hakuthubutu.

Halafu Jumapili moja, baada ya misa, alikuja bila kuitwa, akakaa mezani kwa Brigitte, akamwambia Gauthier alete. Alizitazama moja moja. Kwa ile ya pili alikaa sana.

“Hapa nilikuwa naogopa,” akasema. Maneno yake sasa yanatoka mazito, ni lazima umngoje. “Inaonekana.”

“Nilifikiri weye hukuogopa, Yaya.”

“Nilikuwa nakupita weye kwa kuogopa.” Akafuta upande wa mdomo kwa leso. “Lakini kama tungelitetemeka bawili, Falonne angelifanya nini?”

Honorine alichukua ile ya pili, akaifunga katika karatasi, akaitia kwenye mkoba. Zile mbili alizisukuma upande wa mdogo wake bila kusema ni za nani. Mpaka leo Gauthier hajui ile moja imewekwa wapi, na ukutani kwa dada yake haipo.

Brigitte alikuwa ameleta bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki ambaye alimtoa miiba yote jikoni. Honorine alikata matonge madogo, akawa anatafuna upande wa kushoto, pole pole, wengine wakijifanya hawamngojei. Alipomaliza alisogeza sahani yake kwa Brigitte, akaomba sombe tena.